Pari, Majini na "Walio Bora Kuliko Sisi"

Wenzetu wengi darasani wakisikia neno jini hucheka. Eti huo ni ushirikina, tuwaachie bibi zetu. Makala haya yanapinga kicheko hicho. Tukizichunguza imani za watu wa Iran tutaona kwamba viumbe hawa wana historia, na historia yao ni ya watu waliowaamini.

Tuanze na pari. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroasta, anaitwa pairika, naye ni adui. Mmoja wao, Khnathaiti, alimnasa shujaa Keresaspa. Mwingine jina lake maana yake ni mwaka mbaya, yaani ukame na njaa. Sasa fungua Shahnama, utenzi ambao Ferdowsi aliumaliza mnamo mwaka 1010. Humo pari wamo katika jeshi la Hushang, wakipigana na madivi upande wa wanadamu! Katika ushairi wa Kiajemi uliofuata, mwanamke mzuri husifiwa kwa kufananishwa na pari. Wako wataalamu wanaodhani kwamba hapo kale kabisa alikuwa mungu wa kike wa uzazi, na dini mpya ikamgeuza shetani. Kama ni hivyo, basi watu hawakumtupa. Walimficha katika hadithi mpaka waliomhukumu wakapoteza mamlaka yao, Waarabu walipoiteka Iran katika karne ya 7.

Uislamu ulileta jini, naye akapewa nafasi kando ya divi na pari. Wairani wengi hawakupenda kumtaja. Walisema "az ma behtaran", yaani walio bora kuliko sisi. Ukimwaga maji ya moto chini, sema bismillahi kwanza, usije ukawaunguza watoto wao. Makao yao ni visima, magofu na hamamu. Kuna kisa mashuhuri cha mtu aliyekwenda hamamu kabla ya alfajiri, akaona wenzake wana kwato badala ya miguu. Akamkimbilia mhudumu kumweleza. Mhudumu akainua mguu wake: "Kama hizi?"

Kisa hicho kinachekesha, lakini Al hachekeshi. Huyu humwendea mwanamke aliyejifungua, akamwibia ini na kukimbilia nalo majini. Kinga yake ni chuma, kwa mfano kisu, na mzazi asiachwe peke yake hata kidogo. Hebu tufikiri. Wanawake walikuwa wakifa kwa kutokwa damu na kwa homa ya uzazi, na hakuna aliyejua sababu. Al ni jina la kifo hicho. Na sharti la kukesha na mzazi, je, huo nao ni ujinga?

Mwaka 1933 Sadeq Hedayat alichapisha Neyrangestan, mkusanyo wa imani za aina hii. Kazi kubwa, tumpe haki yake. Ila alizitenga desturi za kale za Kiirani, alizozithamini, na ushirikina aliodai uliletwa na wageni. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Wageni gani?

Jibu moja limo katika Ahl-e Hava cha Gholamhossein Sa'edi, kilichotoka mwaka 1966. Kinahusu pwani ya kusini ya Iran, ambako mtu huugua kwa kupandwa na "bad", neno la Kiajemi lenye maana ya upepo. Zari ni mojawapo. Mgonjwa hutibiwa kwa ngoma, na waganga wake, baba zari na mama zari, wengi ni watu weusi. Miongoni mwa mababu zao wamo waliochukuliwa watumwa kutoka Afrika Mashariki. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sisi wenyewe tunasema upepo, tunasema pepo.

Kwa hiyo mhakiki anayefuta "ushirikina wa wageni" ajue anafuta nini. Watumwa wale hawakuachiwa maandishi. Waliachiwa ngoma na pepo zao, na kwa njia hiyo tunasikia kwamba walikuwepo.