Jinsi Hesabu za Mitihani Zilivyoanza Kutangazwa

Wasomaji wetu, kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, neno la kwanza liulizwalo vijijini ni hili: Shule yetu imekuwa ya ngapi? Mzazi ambaye mwaka mzima hakukanyaga uwanja wa shule huja siku hiyo, akasoma karatasi iliyobandikwa, akafurahi au akakasirika, kisha akaenda zake. Nasi walimu hatumshindi kwa hekima. Tukisifiwa twaipenda karatasi. Tukilaumiwa twasema mtihani ulikuwa mbaya. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia asili ya desturi hii ya kupima shule nyingi kwa maswali yale yale na kuzitangaza hesabu zake mbele ya watu wote. Haikuanza kwetu, nayo imewapa watu faida kubwa na hasara kubwa, kwa kadiri walivyoitumia.

Twendeni kwanza katika mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Zamani hizo, kabla ya mwaka 1845, shule za mji zilikaguliwa kwa mdomo. Wakuu wa Halmashauri ya Shule walifika, wakaketi mbele, wakawauliza watoto wachache maswali machache. Watoto wa shule za sarufi walikuwa zaidi ya 7,000, na wakaguzi walikuwa wachache wenye kazi zao nyingine. Mwalimu aliyejua kupanga mambo aliwaweka mbele watoto wenye ndimi nyepesi, na wageni wakarudi nyumbani wakisifu. Watu wa Boston wakajivuna kwamba shule zao zawapita wote.

Katika jimbo hilo alikuwako mtu jina lake Horace Mann, Katibu wa Baraza la Elimu tangu mwaka 1837. Mwaka 1843 alisafiri Ulaya kutazama shule, na aliporudi aliandika taarifa akazisifu mno shule za Prussia, nchi ya Wajerumani. Alisema kwamba huko alikuta walimu wakifundisha bila kutegemea kukaririsha vitabu na bila viboko vingi. Walimu wakuu 31 wa Boston waliona wametukanwa. Wakaandika kitabu kumjibu, naye akawajibu, nao wakamjibu tena. Yakawa magomvi ya maneno matupu, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuonyesha nani asema kweli.

Ndipo rafiki yake, Samuel Gridley Howe, yule tabibu aliyeongoza shule mashuhuri ya vipofu, akachaguliwa kuingia katika Halmashauri ya Shule. Wakati wa kiangazi mwaka 1845 yeye na wenzake walifanya jambo ambalo shule za mji huo hazijapata kuona. Walipiga chapa maswali ya historia, jiografia, sarufi, hesabu na masomo mengine, wakayapeleka katika shule 19 kwa watoto wa darasa la juu, yaani wale bora waliochaguliwa. Watoto waliketi mbalimbali, wakapewa saa moja kwa kila somo, wakajibu kwa maandishi pasipo mwalimu kuwasaidia kwa neno wala kwa jicho.

Waliofanya mtihani huo walikuwa 530. Majibu yaliyotazamiwa yalikuwa 57,873. Yaliyopatikana sawa yalikuwa 17,216 tu, yaani hayakufika thuluthi moja. Makosa ya vituo peke yake, nukta na mikato, yalihesabiwa 35,947. Tena ilionekana jambo la ajabu. Watoto wengi waliweza kutaja mwaka ambao serikali yao ilizuia merikebu zake kwenda kufanya biashara nchi za ng'ambo, yaani 1807, lakini walipoulizwa maana ya kuzuia huko hawakujua. Walikuwa wamemeza tarehe kama mtu amezaye kokwa pamoja na tunda.

Halmashauri ilizipiga chapa hesabu hizo, shule kwa shule, majina ya shule yakiandikwa wazi na alama kando yake. Twaamini hapo ndipo ilipoanza katika Marekani desturi ya kuziweka shule za mji mzima katika orodha moja. Mann alifurahi sana. Aliandika kwamba mtihani wa maandishi hauna upendeleo, maana wote huulizwa maswali mamoja, na kwamba huacha picha ya akili za watoto ambayo kila mtu aweza kuitazama baadaye. Maneno hayo ni kweli hata leo. Lakini tusisahau kwamba aliyesema hivyo alikuwa na magomvi na walimu wale. Kipimo kilikuwa cha haki, lakini mkono uliokishika ulikuwa na hasira, na walimu wakuu kadhaa walipoteza nafasi zao.

Sasa, kati ya shule zile 19 ilikuwamo shule moja tutakayo mwikumbuke kuliko zote. Iliitwa Smith, nayo ilikuwa shule ya watoto weusi, ambao mji uliwatenga na wenzao. Alama zake zilikuwa duni sana. Mtu asomaye orodha kwa haraka angesema: Tazama, watoto hawa hawana akili. Wako waliosema hivyo. Lakini wazazi wao walijua habari ambazo hazikuandikwa katika orodha. Mwaka 1844, kabla ya mtihani, walikuwa wamekwisha kumshitaki mwalimu mkuu wa shule ile mbele ya Halmashauri, kwamba awapiga watoto kwa ukali, na kwamba haamini kuwa watoto weusi waweza kujifunza kama wengine. Je, mtoto atafunzwaje na mtu aliyekwisha kukata shauri moyoni kwamba hafunziki?

Wazazi wale hawakukubali kuaibishwa na hesabu zile. Waliendelea kuandika barua za kudai kwamba shule ya kutenga ifungwe. Mmoja wao, Benjamin Roberts, alikuwa na binti mdogo, Sarah, aliyelazimishwa kuzipita shule tano za watoto weupe ili aifikie ile aliyoruhusiwa. Baba yake aliushitaki mji. Mwaka 1850 mahakama kuu ya jimbo ilimkatalia. Hawakukoma, na mwaka 1855 baraza la kutunga sheria la Massachusetts likakataza mtoto asizuiwe kuingia shule ya umma kwa sababu ya rangi yake. Tazameni basi: orodha ilionyesha kwamba watoto wale hawajui, lakini haikusema kwa nini. Ilibidi wazazi wenyewe waitafute sababu, na walipoiona, wakaishikilia miaka mingi hata ikaondolewa.

Hiyo ndiyo faida. Natuvuke bahari tuone hasara. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa shauri la Robert Lowe aliyesimamia elimu, iliweka kanuni mpya kwa shule za watoto wa maskini zilizopewa msaada wa fedha. Mkaguzi alifika kila mwaka kuwajaribu watoto katika kusoma, kuandika na hesabu. Mtoto aliyehudhuria sawasawa aliweza kuipatia shule shilingi 8. Lakini kwa kila somo aliloshindwa katika yale matatu, thuluthi ya fedha hizo ilikatwa. Na mara nyingi mshahara wa mwalimu ulitegemea fedha hizo.

Si vigumu kukisia yaliyofuata. Mwalimu mwenye watoto wa kulisha nyumbani kwake alimtazama kila mwanafunzi kama shilingi zinazotembea. Watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea hata wakakijua kwa moyo pasipo kujua maana yake. Historia na jiografia zilisukumwa kando, kwa kuwa hazikulipa. Mshairi Matthew Arnold, ambaye kazi yake ilikuwa ukaguzi wa shule, aliandika katika taarifa zake kwamba uhai uliokuwamo shuleni umefifia. Alizungumza kama shahidi, maana alikuwa akizitembelea shule hizo mwenyewe. Hata hivyo kanuni ile ilidumu zaidi ya miaka 30, ikaondolewa kidogo kidogo tangu mwaka 1890, ikakoma kabisa mwaka 1897.

Mtu aweza kusema: Hayo ni ya kale, watu wamekwisha kujifunza. Laiti ingekuwa hivyo! Turudi Marekani. Januari 2002 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyoamuru watoto wajaribiwe kila mwaka kuanzia darasa la tatu hata la nane, na kila wilaya ya shule itangaze matokeo. Sheria hiyo ilikuwa na jambo moja jema sana: matokeo yalitakiwa yatengwe kwa mafungu, maskini peke yao, weusi peke yao, wenye ulemavu peke yao, ili shule isiwafiche watoto walioachwa nyuma chini ya alama nzuri za wenzao. Hata wazazi wa shule ya Smith wangaliifurahia. Lakini pamoja na jema hilo iliwekwa adhabu kwa shule zisizopanda, na amri kwamba ifikapo mwaka 2014 watoto wote wawe wamefikia kiwango.

Katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, alama zilipanda ajabu. Msimamizi mkuu wa shule, Beverly Hall, alitukuzwa mwaka 2009 kuwa msimamizi bora wa nchi nzima. Walimu wakuu waliofikia shabaha walipongezwa hadharani, na wasiofikia waliogopa kufukuzwa. Wahenga walisema: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gazeti la mji lilianza kushangaa jinsi alama zinavyoweza kuruka juu namna ile katika mwaka mmoja. Karatasi zilipochunguzwa zilionekana zimefutwa mno, majibu ya makosa yakigeuzwa kuwa ya sawa. Mwezi wa Julai 2011 wachunguzi waliotumwa na gavana walitoa taarifa: katika shule 56 walizozichunguza, udanganyifu ulikuwamo katika 44, waliotajwa walikuwa walimu na wakuu 178, na 82 kati yao walikiri. Wengine walizichukua karatasi hata nyumbani, wakazifuta huko. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watu 11. Msimamizi mkuu alikana kuhusika, naye alifariki mwaka huo huo kabla ya kuhukumiwa.

Twawalaumu walimu wale, wala hatutaki kuwafunika. Lakini fikirini ni nani aliyeumia. Alikuwako mtoto asiyejua kusoma, na jibu lake la makosa lingalimpatia msaada. Mtu alipolifuta na kuandika la sawa, alikifuta kilio cha mtoto yule. Karatasi ikasema anajua, wakubwa wakapata sifa, naye akapandishwa darasa akiwa gizani vile vile.

Kwetu nako jambo hili limefikiriwa. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilisema halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, kwa kuwa si sawa kuwalinganisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyolingana. Wengine walisikitika, wakisema mashindano hutia bidii. Sisi twaliona shauri lile kuwa jema, ila twaongeza neno moja: kuacha kupanga shule si kuacha kutazama hesabu. Mwenye duka asiyehesabu fedha zake jioni hawezi kujua kama anapata au anapoteza. Matokeo na yatangazwe, na wazazi wayasome.

Ila wayasomeje? Karatasi ikibandikwa tena, tusiulize tu shule yetu imekuwa ya ngapi. Tuulize: Ni somo gani watoto wetu wameshindwa, na katika somo hilo ni jambo gani hasa? Ni watoto gani walioshindwa? Ni wale wanaokuja bila kula, au wanaokaa mbali ng'ambo ya mto, au wasichana wanaobakizwa nyumbani kuchota maji? Na mwaka uliopita walikuwaje, na sisi tangu siku ile tumefanya nini? Maswali hayo mwalimu hawezi kuyajibu peke yake, wala mzazi peke yake. Yawapasa kuketi pamoja, karatasi mezani, pasipo ugomvi.

Watu wa Boston walipoziona hesabu zao walitafuta wa kumlaumu; wazazi wa shule ya Smith walitafuta sababu. Wale wa kwanza walipata kelele za mwaka mmoja au miwili. Wale wa pili walingoja miaka kumi, lakini mlango uliofungwa ukafunguliwa, na watoto wao wakaingia.