Sindano za Mchina, redio ya 1973 na wembe wa Tarime



Msimu wa harusi ukikaribia maswali yenu kwetu hubadilika. Ya singo na hina huwa hayatufikii, kila bibi harusi ana somo wake wa kumuuliza. Tunaulizwa ya hijama, na siku hizi hata zile sindano nyembamba za Kichina: zinafaa kwa mgongo? Kwa kipandauso? Na je, ni salama kwa mtu anayetaka kuolewa mwezi ujao? Tutajibu, lakini leo tumeona tuanze mbali kidogo. Sindano hizi zimekuwepo nchini kwetu kwa zaidi ya miaka 50, na kipande kimoja cha historia yake hakiko Unguja wala Pemba. Kiko mkoa wa Mara, huko Tarime na Serengeti, karibu na mpaka wa Kenya, nchi ambayo wengi wetu wa visiwani tunaijua kwa nyumbu na simba tu.

Kwetu walianza mapema. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina, kutoka jimbo la Jiangsu, ilifika Zanzibar 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi. Bara walifuata 1968, hao wakitoka jimbo la Shandong, na Musoma, makao makuu ya mkoa wa Mara, ikawa miongoni mwa vituo vyao. Walikuja kwa zamu, kwa kawaida miaka miwili miwili: timu moja inaaga, nyingine inafungua masanduku. Walikuwa na wapasuaji na madaktari wa uzazi, na walikuwa na sindano. Sindano isiyo na dawa ndani! Kwa mgonjwa aliyezoea kwamba sindano ni dawa, na kwamba bila sindano hujatibiwa, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha. Unachomwa mkono ili kichwa kipoe, unachomwa mguu ili tumbo litulie.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo lililotufanya tuandike. Kule China kwenyewe, miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1960, sindano ilikuwa mkononi mwa mkulima. Waliitwa madaktari wa miguu mitupu: wanakijiji, wanawake wengi miongoni mwao, waliofunzwa kwa miezi michache tu kisha wakarudi kwao. Mfukoni alikuwa na sindano zake na dawa chache. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyewahimiza jirani zake kuchimba choo, kuchemsha maji na kuchanja watoto. Sindano na jembe la kuchimbia choo vilishikwa na mkono mmoja.

Mara vilitengana. Sindano ilibaki Musoma, hospitalini, mkononi mwa daktari mgeni aliyezungumza Kiswahili cha kuokoteza na ambaye baada ya miaka miwili angeondoka. Kutoka Mugumu au vijiji vya milimani Tarime hadi Musoma ni safari hata leo. Mama mwenye mgongo unaouma kwa kubeba maji haendi safari hiyo. Hatuwalaumu madaktari wale. Waliacha watoto na wazazi wao nyumbani wakaja kutibu watu wasiowajua. Ila utaratibu wenyewe ulikuwa wa kutibu, na haukuwa wa kuacha ujuzi kijijini.

Jembe la choo lilikuja kwa njia nyingine kabisa, na lilikuja kwa sauti. 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaikumbuka hadi leo kwa jina. Haikuwa kampeni ya kwanza ya redio: 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, kulikuwa na Wakati wa Furaha. Lakini Mtu ni Afya iliizidi kwa mbali. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu karibu milioni 2 wakakaa vikundini kwa majuma 12, nchi nzima ya bara.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kinakutana, chini ya mwembe au darasani, redio inawashwa, watu wanasikiliza kipindi cha wiki hiyo. Kisha kiongozi anasoma kijitabu kwa sauti, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Halafu ndipo penye siri yote: kikundi kinaulizwa, kwetu hapa tuna shida gani kati ya hizi, na tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Magonjwa yaliyochaguliwa yalikuwa ya kila siku: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Na kazi zilikuwa za kila siku pia. Kufukia madimbwi, kufyeka majani karibu na nyumba, kusafisha kisima, kuchimba choo. Nani anayechota maji? Nani anayekesha na mtoto anayeharisha? Hakuna daktari aliyehitaji kumweleza mwanamke wa Kikurya au wa Kingoreme kwa nini jambo hilo linamhusu.

Vyoo vilichimbwa, tena vingi mno. Vingine bila shaka vilichimbwa ili kiongozi avione, tunawajua watu. Lakini aliyechimba choo alijua kukichimba tena kikiporomoka, na hilo halikuondoka na ndege ya mtu yeyote. Miaka mitano baadaye, 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza huduma ya afya ya msingi, mawazo mawili tuliyoyataja, la daktari wa miguu mitupu na la kijiji kujifanyia wenyewe, yalikuwa mezani pamoja.

Lakini kuna somo moja halikuwemo katika majuma yale 12, nalo ni la wembe.

Tarime na Serengeti ni nchi ya tohara, kwa wavulana na, kwa bahati mbaya, kwa wasichana. Ukeketaji huko hufuata msimu, mara nyingi Disemba shule zikifungwa, wazee wa mila wakishatoa idhini. Tusikie vizuri, maana kuna wanaodhani haya ni ya dini yetu: Wakurya wengi ni Wakristo au wafuasi wa mila zao, na wanakeketa kwa sababu ya ukoo, rika na ndoa. Binti asiyekeketwa huitwa majina, na mahari yake hupungua. Akishakeketwa, posa iko njiani, hata kama ana miaka 13. Ni mabibi harusi, kama nyinyi, ila hawakuulizwa.

Ukimwi ulipoingia, elimu ya afya ililifikia jambo hili, na ndipo tunapoumia. Ujumbe uliosikika kwa urahisi zaidi ulikuwa kwamba msitumie wembe mmoja kwa wasichana wengi. Ujumbe huo ni wa kweli, lakini baadhi ya wazazi waliutii kwa kumnunulia binti wembe wake mpya, wakaona wametimiza wajibu. Wembe safi ukawa ruhusa. Damu inamwagika vilevile, kovu linabaki vilevile, na uchungu wa uzazi baadaye unakuwa wa hatari vilevile. Sheria ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10 na Zanzibar karibu hakuna.

Waliosogeza mambo ni wale waliorudi kwenye mtindo wa kukaa chini na watu na kuwapa mahali pa kwenda. Masanga, wilayani Tarime, kuna kituo kinachopokea wasichana wanaokimbia msimu. Mugumu, Nyumba Salama ilifunguliwa 2014. Msimu ukiisha, kazi ngumu huanza: kukaa na baba, mama na nyanya na kuzungumza mpaka binti aweze kurudi nyumbani akiwa mzima. Wengine hawarudi. Vituo hivi vimeanzishwa na watu wa kanisa, na hatuoni haya kusema kwamba wamefanya kazi njema.

Sasa maswali yenu. Tiba ya sindano ina ushahidi wa kusaidia maumivu ya mgongo ya muda mrefu na kupunguza kipandauso. Kwa maradhi mengine ahadi ni kubwa kuliko ushahidi. Sindano iwe ya kutumika mara moja tu, ifunguliwe mbele yako. Hijama vivyo hivyo, wembe mpya na glavu mpya, na mwenye upungufu wa damu au mimba amwone daktari kwanza. Kwenu bibi zetu waliita kuumika, na pembe yake chuku. Mwulize anayekuhudumia amejifunza wapi. Na kabla hujauliza kama wembe ni mpya, muulize kwanza kwa nini unahitaji kuchanjwa. Akikasirika, chukua mkoba wako.

Disemba ikifika, dada zetu, mtakapokuwa mnachagua vitambaa, wasichana wa Tarime watakuwa wanahesabu siku.