Kumbukumbu na Kisakale: Habari za Kifo cha Perpetua na Felicitas huko Karthago, Mwaka 203

Utangulizi

Kwa kawaida hudhaniwa kwamba visakale vya watakatifu hukua kwa kuongezewa miujiza. Makala hii inatoa hoja tofauti: katika habari za Perpetua na Felicitas, kisakale kilikua pia kwa kupunguza. Yaliyopunguzwa ni yale yaliyowatatiza waumini wa baadaye, hususan utumwa wa Felicitas na uchungu wa Perpetua kama mama. Ili kuithibitisha hoja hii, makala inalinganisha matini mbili za Kilatini: Passio, iliyo ya kale zaidi, na Acta, muhtasari uliotungwa baadaye.

Ushahidi wa Passio

Passio inasimulia kukamatwa kwa wakatekumeni watano katika jimbo la Afrika la Dola ya Kirumi: Perpetua, Felicitas, Revocatus, Saturninus na Secundulus. Mwalimu wao, Saturus, alijisalimisha mwenyewe baadaye. Waliohukumiwa walikusudiwa kutupwa kwa wanyama wakali katika michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaizari Septimius Severus. Secundulus alifia gerezani kabla ya siku hiyo.

Matini hii ina sauti tatu. Mhariri asiyetajwa jina anatoa utangulizi na kusimulia vifo. Saturus anaeleza njozi yake. Na sehemu kubwa ya katikati inatajwa kuwa maandishi ya Perpetua mwenyewe. Perpetua alikuwa na umri wa miaka ipatayo 22, mwenye elimu, aliyeolewa, na mwenye mtoto mchanga. Anaeleza giza la gereza, joto la msongamano, na hofu yake juu ya mtoto aliyekuwa akidhoofika kwa kukosa maziwa. Aliporuhusiwa kukaa na mtoto huyo, gereza kwake likawa kama kasri. Baba yake alimsihi mara kadhaa aikane imani. Perpetua hakukubali, lakini alimhurumia kwa uzee wake. Mume wake hatajwi popote katika maandishi yake.

Felicitas hakuacha maandishi. Passio inamtaja kuwa mjakazi, mtumwa mwenzake Revocatus, naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwa kuwa sheria ilikataza kumwua mjamzito, alihofu kutenganishwa na wenzake. Alijifungua mtoto wa kike gerezani, naye dada mmoja katika imani akamlea mtoto huyo kama wake.

Mabadiliko katika Acta

Acta inayahamisha matukio haya hadi zama za Valerian na Gallienus, nusu karne baadaye. Hata hivyo, kosa la tarehe si jambo zito kuliko yote. Katika toleo mojawapo la Acta, Revocatus na Felicitas ni ndugu, wala si watumwa wenza. Mume wa Perpetua, aliyekosekana katika Passio, sasa yupo pamoja na wazazi wake mahakamani. Felicitas naye anaulizwa kuhusu mume, na anajibu kwamba anaye ila anamdharau. Perpetua, ambaye katika Passio alihangaika kwa ajili ya mwanawe, hapa anamsukuma mtoto na kuwafukuza jamaa zake.

Mabadiliko haya yana mwelekeo mmoja. Familia zinakamilishwa, tabaka linafichwa, na ushujaa unafanywa kuwa ukosefu wa huruma. Mtunzi wa Acta hakuwa lazima na nia ya kudanganya. Alihitaji matini fupi yenye mashujaa wasio na utata.

Tahadhari

Wapo watafiti wanaotilia shaka kwamba Perpetua aliandika sehemu inayohusishwa naye, na tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ukale wa Passio ikilinganishwa na Acta hautegemei jibu la swali hilo. Vivyo hivyo, vipande vya maandishi ya jiwe vilivyogunduliwa na Delattre huko Karthago mwaka 1907, vyenye majina ya wafiadini hawa, vinathibitisha heshima waliyopewa na Wakristo wa mji huo. Havithibitishi kila tukio linalosimuliwa.

Hitimisho

Matini kamili ya Kilatini ya Passio ilichapishwa mwaka 1663 kutokana na kazi ya Lucas Holstenius. Laiti isingalipatikana, mwanahistoria angalitegemea zaidi Acta kwa habari hizi, na ingalikuwa vigumu zaidi kwake kutambua kwamba mmoja wa wanawake hao wawili alikuwa mtumwa. Kwa hiyo, anayechunguza kisakale cha mtakatifu hana budi kuuliza maswali mawili: ni nini kilichoongezwa, na ni nani aliyeondolewa?