Injili Ilivyoingia Ituri: Kutoka Mboga hadi Bunia

Bunia iko katika nyanda za juu magharibi mwa Ziwa Albert. Ni mji wa biashara na wa serikali, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Ituri. Ndani yake wanaishi Wahema, Walendu, Wangiti, Wabira, Waalur, Walugbara, Wanande na wengine wengi. Siku ya Jumapili Wakatoliki wanajaa parokia za Nyakasanza na Mudzi Maria, na Waprotestanti wanakusanyika katika makanisa ya CECA 20, ya Anglikana na mengineyo. Mahubiri ni kwa Kiswahili, lakini kwaya zikisimama utasikia Kilendu, Kialur, Kihema na Kilingala katika ibada moja.

Mwanzo wa kanisa la Ituri hauko Bunia. Uko Mboga, siku hizi Boga, mwendo wa kilomita kama 100 kusini, upande wa magharibi wa bonde la Semliki. Na aliyeipanda mbegu yake hakutoka Ulaya. Alikuwa Mganda, Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864. Ujanani aliwahi kuwa Mwislamu na askari, kisha akabatizwa mwaka 1895 na kutumwa Toro, magharibi mwa Uganda, kuwa mwalimu wa dini. Mwaka 1896 akavuka bonde la Semliki na kuingia Mboga. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia walikuwa wamekwisha kushindwa, kwa sababu Tabaro, mtawala wa Mboga, aliwanyima chakula mpaka wakarudi. Apolo naye hakupokewa kwa heri. Alipigwa. Halafu dada yake Tabaro alipokufa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa ndani ya majani aliyobeba, Apolo ndiye aliyeshtakiwa kwa kifo hicho. Alifungwa, akapelekwa Toro kama mhalifu. Akiwa katika mateso hayo, alisimulia baadaye, Kristo alimtokea na kumwambia asiogope. Alipoachiwa, akarudi kwa watu walewale. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa.

Apolo alipadrishwa mwaka 1903 na kwa miaka mingi alihudumu Toro. Baada ya Waingereza na Wabelgiji kukata mipaka, Mboga ikabaki upande wa Kongo, naye akarudi huko kukaa. Kuanzia mwaka 1921 akaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwahesabu kuwa wa chini. Akala nao, akajifunza usemi wao, akajitahidi kuwaandikia Injili ya Marko. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, na Waanglikana wa nchi mbalimbali wanamkumbuka kila tarehe hiyo.

Wakati wa Apolo, wamisionari wengine nao walikuwa wanaingia Ituri kwa njia zao. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Kasengu, karibu na Mahagi, mwaka 1912. Kutoka huko wakafungua vituo kama Blukwa na Rethy, na kazi yao ndiyo iliyozaa CECA 20. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipanda parokia kati ya ziwa na migodi ya dhahabu ya Kilo. Roma ikaitenga sehemu ya Ziwa Albert kuwa prefektura mwaka 1922, na mwaka 1959 ikawa Jimbo la Bunia. Ndugu wa Misheni ya Emmanuel nao walijenga Nyankunde.

Hawa wote hawakuikuta nchi tupu. Kila kabila lilikuwa na Mungu wake wa juu, mizimu yake na wazee wake wa matambiko. Uislamu nao ulikuwa umetangulia. Waungwana kutoka Manyema, waliofuata pembe za ndovu na watumwa, walikuwa wameweka vituo msituni kama Mawambi. Biashara yao iliacha majeraha, lakini waliacha pia Kiswahili. Lugha hiyo ya misafara ikawa ya soko, ya mgodi wa Kilo ulioanza baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1903, na hatimaye ya mimbari. Mkristo wa Bunia anaposali kwa Kiswahili, anatumia lugha iliyofikishwa kwake kwanza na Waislamu. Deni hilo lingepaswa kuleta heshima kati ya msikiti na kanisa.

Waliobeba kazi ya kila siku walikuwa makatekista na walimu wa vijijini. Mmisionari alipita kwa miguu au kwa pikipiki mara chache kwa mwaka. Katekista ndiye aliyefundisha kusoma chini ya paa la nyasi, akawazika wafu na kupatanisha ndoa. Kanisa lilikua kwa sababu Injili ilisemwa na jirani.

Lakini namna lilivyokua ilikuwa na kasoro. Misheni za Kiprotestanti zilipatana kugawana maeneo ili zisigombane. Waanglikana wakabaki katika pembe ya Boga hadi uhuru, na wengine wakapewa sehemu zao. Kwa kuwa maeneo yalikuwa ya makabila, dhehebu likafanana na kabila. Mtu aliweza kukua, kubatizwa, kuoa na kuzeeka katika kanisa ambalo karibu kila mshiriki ni wa ukoo wake.

Baadaye Bunia ikaanza kuvunja kuta hizo. Uasi wa Simba wa 1964 ulipoharibu vituo vingi, shule ya teolojia iliyoanzishwa Banjwade, karibu na Kisangani, mwaka 1961 ilihamishiwa Bunia mwaka 1967. Leo ni Chuo Kikuu Shalom. Wahema na Walendu walisoma humo darasa moja. Huko Nyankunde, misheni kadhaa ziliunganisha nguvu chini ya daktari Carl Becker na kujenga hospitali kubwa iliyotibu kila mtu. Waanglikana walipata dayosisi ya Boga mwaka 1972, na askofu Patrice Njojo wa Boga akawa askofu mkuu wa kwanza wa jimbo lao mwaka 1992. Ofisi zao zikahamia Bunia.

Kisha vita vikaja. Kuanzia 1999 ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu katika eneo la Djugu ulichochewa na wanasiasa na majeshi ya nchi jirani, ukawa mauaji ya kikabila yaliyoangamiza makumi ya maelfu. Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu, lugha moja na waliopigana nao. Wauaji na wauawa walikuwa wamebatizwa. Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa, mamia wakauawa, wengine vitandani mwa wagonjwa. Walionusurika, wahudumu na wagonjwa, walitembea porini siku nyingi hadi mji wa Oicha. Mei 2003 mauaji yalifika hata parokia ya Nyakasanza, na mapadri wakauawa.

Majeraha hayajapona. Tarehe 31 Mei 2021 Boga ilishambuliwa, siku moja tu baada ya kumbukumbu ya Apolo. Julai 2025 waumini waliokuwa kanisani Komanda waliuawa na waasi wa ADF.

Historia hii inatupa hukumu iliyo wazi. Kanisa la Ituri lilipata nguvu pale mgeni alipokubali kula chakula cha wenyeji na kujifunza lugha yao, na lilipoteza nguvu pale lilipokuwa nyumba ya kabila moja. Idadi ya waliobatizwa haikuzuia panga lolote. Kwa hiyo wachungaji, mapadri na maimamu wa Bunia wasipime kazi yao kwa wingi wa viti vilivyojaa. Mchungaji Mhema atumwe kwa Walendu, Mlendu atumwe kwa Wahema, na Mmbuti apewe mimbari. Apolo alirudi kwa waliomfunga. Anayetaka kumwita baba yake wa imani na afanye vivyo hivyo.