Matawi Barabarani, Kengele Garini

Katika njia panda ya Tinde, ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza na ya pili ikishika Kahama hadi mpaka wa Rwanda, lori likiharibika usiku utingo hukata matawi ya miti akayatandaza nyuma yake, na dereva ajaye, ayaonapo katika mwanga wa taa, hupunguza mwendo bila kuuliza. Ila lori likitengemaa na kuondoka, matawi husahauliwa papo hapo, na dereva akiisha kudanganywa nayo mara tatu, ya nne huyakanyaga.

Ilimu ya kumtahadharisha dereva kwa vyombo haijapata kuepukana na mas'ala hayo ya onyo kuzoeleka na kupuuzwa. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth, akichunguza kwa nini askari wa anga waliokodolea macho rada walipitwa na alama walizowekwa kuzingojea, alibaini kwamba umakini wa mlinzi huanza kufifia baada ya nusu saa tu. Jicho likichoka, chombo huitwa kulisaidia: mwaka 1959 gari la maonyesho la Cadillac Cyclone lilikuwa na rada puani, ya kumwonya dereva juu ya kilichopo mbele. Chombo kikapatikana, lililobaki gumu ni sikio, kwani kengele iliayo mapema mno ni kero, iliayo kwa kuchelewa haifai kitu, na iliayo bure huzoeleka kama msaga nafaka azoeavyo mngurumo wa mashine yake.

Nchini Kenya, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walipita njia nyingine: walibandika ndani ya magari ya abiria yaitwayo matatu stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva aendeshaye ovyo, wakaweka na bahati nasibu ili madereva wasizibandue (hila ya watu wanaowajua wanadamu!), na katika jaribio kubwa lililofuata, la stika zenye neno Zusha!, madai ya bima yakapungua kwa robo hadi theluthi moja.

Mabasi yetu nayo, chini ya mfumo wa kufuatilia mwendo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, yana kengele iliayo mwendo upitapo kilomita 80 kwa saa, nayo haijui lori wala matawi. Nilipoisikia mara ya mwisho, tukiikaribia Tinde, dereva hakugeuza hata shingo. Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, hicho chombo kinakuita." Kijana wa nyuma akajibu, "Bibi, mwache, tumechelewa." "Simwachi," akasema bibi, na mlio ukakoma.