Riwaya Kongwe na Kalamu ya Mchoraji: Funzo Kutoka Japani

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, wala sikudhani kwamba siku moja itanihukumu mimi mwenyewe. Mgeni ninayemkusudia katika makala haya ni manga, yaani hadithi za picha za Wajapani, ambazo siku hizi zimo mikononi mwa wanafunzi wetu, ama vitabuni ama katika simu zao. Mwenyeji ni riwaya kongwe, ile ambayo sisi walimu wa lugha na fasihi tunajiona tumekabidhiwa kuilinda. Je, mgeni huyu amekuja kumponya mwenyeji wake, au amekuja kumzika?

Kisa kilichonitia katika uchunguzi huu ni hiki. Niliwataka wanafunzi wangu waeleze mwisho wa riwaya ya Fyodor Dostoyevsky ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Uhalifu na Adhabu. Kijana mmoja aliandika kwamba Raskolnikov, baada ya kumwua yule mwanamke mkopeshaji wa fedha, anasimama katikati ya umati na kupaza sauti akikiri kosa lake, lakini ghasia zimewashika watu na hakuna hata mmoja anayemsikiliza. Nilikipiga kistari chekundu kifungu chote, nikampa sifuri. Siku ya pili alinijia na kitabu cha picha kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, akanifunulia ukurasa wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kijana hakusema uongo. Alikuwa amesoma kitabu kingine. Kosa langu ni kwamba niliadhibu kabla ya kuuliza. Tangu hapo nimejitahidi kujua kitabu kile kilitoka wapi na kwa nini mwisho wake uligeuzwa. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza, yafaa tuelewe kwamba huko Japani picha na hadithi ni ndugu wa siku nyingi. Hadithi ya Genji, iliyotungwa na Bibi Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, nayo ina sura 54, ilikwisha chorwa katika karne ya 12 juu ya magombo ya karatasi, picha zikifuatana na maneno. Vipande vya magombo hayo vimehifadhiwa hata leo katika miji ya Nagoya na Tokyo. Neno manga lenyewe lilienea sana kwa sababu ya mchoraji Hokusai, ambaye mwaka 1814 alianza kutoa mkusanyo wa michoro yake uliobeba jina hilo. Michoro ile haikuwa hadithi za mfululizo kama tuzijuazo sasa, lakini jina likabaki.

Pili, riwaya za Ulaya hazikuingia Japani zikiwa kamili. Hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote. Riwaya hiyo ya Dostoyevsky, iliyotoka kwa Kirusi mwaka 1866, ilianza kutafsiriwa kwa Kijapani na Uchida Roan katika miaka ya 1892 na 1893. Roan hakuifasiri kutoka Kirusi bali kutoka Kiingereza, tena ikaishia nusu. Kadhalika Les Misérables ya Victor Hugo, iliyotoka mwaka 1862, ilijulikana kwa watu wa kawaida kupitia gazeti la Yorozu Choho. Mwenye gazeti hilo, Kuroiwa Ruiko, aliisimulia upya kidogo kidogo kati ya 1902 na 1903, akaifupisha alipoona panafaa, akawapa wahusika majina yenye sura ya Kijapani. Hapana shaka kwamba wajuzi wa Kifaransa waliguna. Hata hivyo ni kwa mlango huo mwembamba kwamba umma ulimjua Jean Valjean, na tafsiri kamili zikaja baadaye, zikakuta wasomaji wanazingoja.

Tatu, tunafika kwa mtu aliyechora kitabu cha mwanafunzi wangu. Tezuka Osamu alizaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Osaka. Mwaka 1945, akiwa kijana mwanafunzi aliyepelekwa kufanya kazi kiwandani, aliyaona kwa macho yake mashambulizi ya ndege yaliyoiteketeza Osaka. Mwaka huo huo aliingia chuo kikuu kusomea udaktari, huku akichora. Mwaka 1947, yeye pamoja na mwandishi Sakai Shichima walitoa kitabu kiitwacho Shin Takarajima, maana yake Kisiwa Kipya cha Hazina. Jina na roho yake vilitokana na Stevenson, japo kisa chenyewe kilikuwa kingine. Kilikuwa ni kijitabu cha bei ndogo, cha aina iliyochapwa Osaka kwa ajili ya watoto wa nchi iliyoshindwa vita na isiyokuwa na karatasi ya kutosha. Inakadiriwa kwamba nakala zipatazo 400,000 ziliuzwa. Mwaka 1950 Tezuka akaigeukia Faust ya Goethe, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 25, akatoa Uhalifu na Adhabu.

Nimekisoma kitabu hicho mara tatu. Ni chembamba, na sura za watu ni za mviringo kama vikaragosi vya watoto, hata msomaji wa Dostoyevsky hutaka kucheka. Lakini penye mauaji mchoraji ameliweka jengo mbele yetu kama jukwaa la tamthilia, ngazi zikionekana kwa ubavu na watu wakipanda na kushuka, nasi hatusogei mahali petu. Hofu ya Raskolnikov haikuelezwa kwa neno hata moja, bali twaipima kwa umbali uliopo kati ya mlango na ngazi. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Sasa tuulinganishe mwisho wa vitabu hivi viwili. Katika riwaya, Raskolnikov anapiga magoti uwanjani na kuibusu ardhi, watu wanamcheka wakidhani amelewa, na kukiri kwenyewe kunafanyika katika kituo cha polisi. Kisha yapo maelezo ya Siberia, ambako Sonya anamfuata, na ambako nafsi ya mtu yule inaanza kufufuka. Katika manga, Siberia haipo. Kukiri kunatokea penye machafuko ya mji, na sauti ya mkosaji inamezwa. Dostoyevsky anatuambia kwamba mwenye kutubu atapokewa. Tezuka, kwa maoni yangu, anauliza swali la mtu aliyeuona mji mzima ukiungua: mauaji yanapokuwa makubwa kupita hesabu, ni nani atakayebaki na sikio la kusikia toba ya mwuaji mmoja? Sidai kwamba swali hili lapita lile la Mrusi kwa kina. Nasema tu kwamba ni swali, na si wizi wa jibu la mwingine.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya mchoraji mmoja hodari, lakini wengi wa wasomaji hawatarudi kwenye riwaya kamwe. Hoja hiyo ina uzito, na jawabu lake nimelipata katika kisa cha nne. Mwaka 1929 mwandishi Kobayashi Takiji alitoa riwaya fupi iitwayo Kanikosen, inayohusu wafanyakazi wa meli ya kuvua na kusindika kaa karibu na Kamchatka, wanaoteswa na msimamizi wao mpaka wakagoma. Takiji alifukuzwa kazi katika benki mwaka huo huo, na tarehe 20 Februari 1933 alikamatwa na kufia mikononi mwa polisi mjini Tokyo, akiwa na miaka 29. Baada ya vita riwaya yake ilisomwa vyuoni, kisha polepole ikawa kitabu cha rafuni. Mwaka 2006 ilitolewa kwa manga, kwa nia ya kuwafikia wanafunzi. Likafuata shindano la insha kwa vijana, ambalo chuo kikuu cha biashara cha Otaru, mahali aliposoma Takiji, kilishiriki kuliandaa. Ilikuwa ni wakati ambapo vijana wengi wa Japani walikuwa vibarua wa muda, wasio na hakika ya kesho. Mwaka 2008 riwaya yenyewe, si manga peke yake, ikanunuliwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, na jina lake likawa miongoni mwa maneno yaliyovuma nchini mwaka ule. Sisemi kwamba picha peke yake ndizo zilizofanya hayo. Njaa ya wakati ndiyo iliyofanya, na magazeti yakasaidia. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, nao waliopita humo walimkuta Takiji yungali hai.

Na sisi je? Tusisahau kwamba Kiswahili nacho kilipitia mlango huo huo. Kisiwa chenye Hazina, ile ile hadithi ya Stevenson, ilitolewa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929, ikiwa katika lugha nyepesi iliyokusudiwa shule. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka huo huo. Wazee wetu wengi waliokuwa wasomaji hodari walianzia humo, wala hakuna aliyewaambia kwamba wamesoma kitabu cha bandia. Hata mtindo wa manga wa kufungua kitabu kwa upande tuuitao wa nyuma, na kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, usitutishe: ndivyo zilivyosomwa tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya wenzangu. Lipo ambalo picha haiwezi kulibeba. Riwaya hutulazimisha kukaa ndani ya fikira za mtu kwa siku nyingi, kuchoka pamoja naye, na kumwona akijidanganya kwa sentensi ndefu zinazojipinda. Kurasa mia tano za homa ya Raskolnikov haziwezi kuwa sawa na saa moja ya kutazama michoro. Kadhalika lugha yenyewe, ambayo ndiyo kazi yetu, hupungua mpaka ikawa mazungumzo mafupi ndani ya viputo. Mwanafunzi aishiaye kwenye manga amepata kisa, lakini hajapata riwaya. Ni lazima aambiwe hivyo kwa upole na bila kuficha.

Basi, tufanyeje? Ninayotenda sasa darasani ni machache. Mwanafunzi anapoleta kitabu cha picha simnyang'anyi; namwuliza kimetokana na kitabu gani. Kisha twachukua tukio moja tu, tukaliweka pamoja na sura yake katika riwaya, na kila mmoja ataje kilichoongezwa, kilichoachwa na kilichogeuzwa. Mwisho aandike, kwa Kiswahili fasaha, kwa nini anadhani mchoraji aliamua hivyo. Zoezi hili halihitaji fedha, ila nakala moja ya kila kitabu na mwalimu aliyesoma vyote viwili. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, kwa maana latugusa sisi wenyewe.

Yule kijana nilimrudishia karatasi yake. Sikuweza kumpa alama zote, kwa sababu swali lilihusu riwaya naye hakuisoma, lakini nilifuta sifuri, nikaandika chini yake swali jipya: "Kwa nini watu hawa hawakumsikia?" Alikaa na riwaya muhula mzima. Alipomaliza alinijibu kwa kurasa nne, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba katika Dostoyevsky yupo Sonya wa kusikia, na kwamba msikilizaji mmoja yatosha. Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu, na jibu hilo sikulifundisha mimi. Mgeni aliingia, na mwenyeji akapona.