Umbo la lori linavyonyonya mafuta

MWENYE lori linalosafirisha mizigo kati ya Mombasa na Nairobi hununua dizeli ya kuvuta shehena, na nyingine ya kusukuma hewa. Hii ya pili haiandikwi katika risiti, lakini gharama yake hupanda upesi: mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4.

Mnamo 1973, Edwin Saltzman, mhandisi wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, alikuwa akiendesha baiskeli California malori yalipompita. Hewa ilimsukuma kando, kisha ikamvuta kuelekea barabarani. Nguvu iliyomyumbisha ilitokana na mafuta ya malori hayo.

Saltzman na wenzake katika kituo cha Edwards walitwaa gari kuukuu la kusambazia bidhaa, wakalivika mabati ya alumini hadi likawa na pembe kali kama sanduku. Waliliendesha kwa kasi, wakatoa gia, kisha wakapima lilivyopunguza mwendo. Pembe za wima zilipoviringwa, ukinzani ulipungua kwa asilimia 40. Zilipoviringwa zile za mlalo pia, ulipungua kwa asilimia 54, na nafasi ya mzigo iliyopotea ilikuwa asilimia 3 tu.

Hewa ikigonga pembe kali hushindwa kufuata ubavu wa gari. Huachana nao na kuvurugika. Nyuma hubaki eneo lenye shinikizo dogo ambalo hulivuta gari kinyumenyume. Vumbi ligandamalo nyuma ya matatu huletwa na mvurugiko huo huo.

Ndege nazo zina tatizo lao. Hewa yenye shinikizo kubwa chini ya bawa huzunguka nchani na kupanda juu, ikifanya kimbunga kidogo kinachoirudisha ndege nyuma. Richard Whitcomb, pia wa NASA, alibuni vijibawa vilivyosimama nchani. Vilipojaribiwa Edwards mwaka 1979 na 1980 kwa ndege aina ya KC-135, umbali uliosafiriwa kwa kiasi kile kile cha mafuta uliongezeka kwa takriban asilimia 6.5.

Lori lililokwama katika msongamano halifaidiki na haya yote. Katika barabara kuu, hata hivyo, turubai lisilofungwa barabara na mwanya mpana kati ya kichwa na trela huongeza ukinzani. Naye dereva apunguzaye mwendo kutoka kilomita 80 hadi 70 kwa saa huupunguza kwa takriban asilimia 23, bila kununua kifaa chochote.